Choo Nilichomjengea Mama

Nilimjengea mama choo kabla sijamwambia kwamba nataka aje kukaa nami. Nilijua nikianza na maneno atanishinda, kwa hiyo nilianza na matofali. Mama alikuwa akiishi peke yake kijijini Ole, kwenye nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi, na choo chake kilikuwa cha shimo, nyuma ya migomba, hatua kama thelathini kutoka mlango wa uani. Masika ya mwaka ule aliteleza njiani akiwa na kopo lake mkononi. Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi, lakini nyonga haikurudi ilivyokuwa, na kuchuchumaa akawa hawezi tena. Jirani yake ndiye aliyenipigia simu kunieleza kwamba mama amefunga kamba kwenye boriti ya choo na huishikilia hiyo anapokwenda haja. Aliniambia pia kwamba mama amemkataza kunieleza.

Habari ya kamba ile haikuniacha. Niliiona kila nilipofumba macho: mama yangu, mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu hata chumvi, ananing'inia kwenye kamba ndani ya choo cha makuti, na anaogopa nisije nikajua.

Mimi nakaa Jadida, mjini Wete, na mume wangu, mtu wa maneno machache. Watoto wetu wamekwenda zao kutafuta maisha. Nasomesha sayansi skuli ya msingi, na bora niseme mapema kwamba hasira zangu ziko karibu na mdomo wangu hauna breki. Wanafunzi wangu wanalijua hilo, na mume wangu analijua zaidi. Kitu kikiharibika nyumbani mimi hutaka kujua sababu yake papo hapo, na nikishaipata sababu hutaka kila mtu aikubali.

Basi tukaigeuza stoo ya uani kuwa chumba cha mama, na ubavuni mwake fundi akajenga choo cha kukaa, chenye tangi la kusukumia maji na tailizi rangi ya maziwa chini na ukutani. Nilizipenda tailizi zile kupita kiasi. Nilizifuta kila siku ingawa hakuna aliyekuwa akizikanyaga.

Siku moja kabla ya mama kuja, niliingia nikakaa juu ya choo kile, na nguo zangu zote mwilini, ili nijue mzee mwenye nyonga mbovu atajisikiaje. Nikatazama mbele. Nikatazama tena. Ukuta ulionikabili ulikuwa wa upande uleule ambao ninauelekea nikitandika msala wangu. Choo kilikuwa kinaangalia kibla sawasawa. Mtu aliyelelewa kwa mama yangu haelekei kibla akiwa katika haja yake wala haipi mgongo, na mama angeliona jambo hilo hata kabla hajavua viatu. Angegeuka palepale akarudi Ole kwenye kamba yake.

Nikampigia simu fundi, akaja baada ya sala ya adhuhuri. Akasema kukigeuza choo si kazi ndogo, inabidi sakafu ivunjwe na bomba lilazwe upya.

"Usinivunjie tailizi zangu," nikamwambia. "Wewe geuza choo tu."

Alijikuna kichwa, kisha akasema inawezekana. Aling'oa sinki la choo, akavunja tailizi nne tu, akafanya aliyoyafanya huko chini, na kabla ya magharibi choo kikawa kinaangalia mashariki. Nilimsifu sana. Sikumuuliza bomba limepita wapi.

Mama alikuja kesho yake na furushi la kanga, msahafu wake na marfaa ya kuuwekea. Alisimama mlangoni mwa choo, akageuza kichwa kidogo kutafuta upande, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Umekumbuka," akasema.

Neno hilo moja nililibeba wiki nzima. Yeye alikubali kukaa, kwa sharti kwamba siku atakayoniona nimemchoka, nimrudishe kwake bila ya maneno. Nikakubali kwa kicheko. Daktari alikuwa amemwambia anywe maji mengi, kwa sababu mkojo ulikuwa ukimchoma kila baada ya muda, na mwezi ule wa kwanza alikunywa vizuri. Alikunywa chai ya mchaichai asubuhi, maji ya mtungi mchana, uji jioni. Rangi ilimrudi usoni. Nilijiona binti niliyefanya jambo.

Mwezi wa pili choo kikaanza visa. Kwanza ilikuwa sauti ya maji yanayotiririka, mchana kutwa, hata kama hakuna aliyeingia. Niliangalia video kwenye simu mpaka macho yakaniuma, na nikajifunza kitu kimoja kizuri: ukitaka kujua kama tangi linavuja ndani kwa ndani, tia rangi kwenye maji ya tangi, usisukume, usubiri robo saa. Rangi ikijitokeza kwenye sinki, ule mpira wa chini ya tangi haubani. Sikuwa na rangi, nikatia bizari ya manjano, vijiko viwili.

Mama aliniona nikipita na kopo la bizari, akanifuata kwa mkongojo wake.

"Weye, kwani wapika mchuzi humo?"

"Napima, mama."

"Haya. Usisahau chumvi."

Tulicheka wote wawili hadi akashika ukuta. Maji ya sinki yakawa ya manjano kama nilivyotabiri, nikanunua mpira mpya, nikaufunga mwenyewe, na sauti ikakatika. Mume wangu alisema, "Hongera, fundi." Nadhani kuanzia hapo ndipo nilipoharibika kichwa.

Wiki haikupita, likaja la pili, nalo halikuwa la kuchekesha. Ukisukuma maji, hayaendi. Yanapanda. Yanapanda karibu na ukingo, unasimama hapo huku moyo unakudunda, kisha yanashuka polepole na kuguguma. Nikanunua ule mpira wenye mpini wa kuzibulia, nikazibua. Siku mbili kikawa kizima, siku ya tatu yakapanda tena. Mara moja yalipita ukingo yakamwagika sakafuni, na mama alikuwa ndani. Nilimkuta amesimama pembeni, kanga ameikunja hadi magotini, anatazama miguu yake iliyoingia najisi.

"Mie sikutenda kitu," akasema. "Nilisukuma maji tu."

"Najua, mama." Nilisema hivyo, na nilimwosha miguu, na nikamletea kanga nyingine. Lakini sauti yangu ilikuwa ya mwalimu, si ya mtoto wake.

Mume wangu alisema tumwite fundi. Yule wa mwanzo alikuwa amehamia Unguja, lakini mafundi Wete hawajaisha. Nikamwambia hakuna haja, hili ni suala la kufuata hatua. Tulikagua bomba la hewa lile linalopanda juu ya bati, kwa sababu bomba hilo likiziba maji hukosa nguvu ya kushuka. Mume wangu alipanda, akakuta nyigu wamejenga mdomoni mwake. Akashuka na nundo mbili, moja juu ya jicho. Bomba likawa wazi, choo kikabaki vilevile.

Kisha nikafunua chemba ya nje, kile kishimo chenye mfuniko ambacho maji ya chooni hupitia kabla ya kufika kwenye shimo kubwa. Kama shimo kubwa limejaa, chemba nayo hujaa. Chemba yetu ilikuwa karibu kavu. Nilichuchumaa pale nikapiga hesabu yangu: shimo halijajaa, hewa inapita, tangi ni zima. Kwa hiyo kizuizi kiko baina ya sinki na chemba. Mpaka hapo nilikuwa sahihi kabisa, na mtoto yeyote wa darasa langu angepata alama zote.

Makosa yalikuja kwenye hatua iliyofuata. Kizuizi hakijileti, nikasema. Kuna kitu kinatupwa. Nani anakitupa? Mimi situpi. Mume wangu ana choo chake cha zamani cha kuchuchumaa kule mbele, huku haji. Abaki nani? Nikamkumbuka mama kule Ole, jinsi watu wa rika lake walivyokuwa wakijifuta kwanza kwa jani au kwa kumbi la nazi kabla ya maji. Sikumwona akifanya hivyo kwangu hata siku moja. Sikuhitaji kumwona. Jibu nilikuwa nalo, na nililipenda kama nilivyozipenda tailizi.

Kumwambia uso kwa uso nilishindwa. Nikachukua karatasi nyeupe, nikaandika kwa kalamu nene: Tafadhali usitupe kitu chochote chooni isipokuwa maji. Kisha nikaitazama, nikakumbuka kwamba mama hakusoma skuli. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na herufi anazozijua ni zile za msahafu. Enzi zake watu waliandika Kiswahili kwa herufi hizohizo. Nikachukua karatasi nyingine, nikaandika maneno yaleyale kwa herufi za Kiarabu, kubwa, kwa mkono mzuri niliofundishwa utotoni, nikaibandika ukutani mbele ya choo.

Sikufikiri hata kidogo kwamba katika nyumba ile yenye watu watatu, karatasi iliyoandikwa vile ilimlenga mtu mmoja tu.

Kesho yake niliporudi skuli, karatasi haikuwepo. Nikatoka nayo hasira yangu mpaka uani, ambako mama alikuwa amekaa juu ya mkeka anachagua mchele kwenye ungo.

"Mama, nani kaibandua karatasi yangu?"

"Mie."

"Kwa nini? Ile ni kwa faida yetu sote."

Hakuacha kuchagua mchele. "Zile ni herufi za maneno ya Mungu, mwanangu. Hazikai pahali kama pale." Akainua pembe ya mkeka akaitoa, imekunjwa mara nne ndani ya leso safi, akanionesha, akairudisha. "Nimeshaisoma. Nimefahamu."

Nilileta istighfari palepale, nikimwomba Mungu msamaha kwa sauti, na siku nzima iliyobaki nilijilaumu kwamba mimi, mtoto wa chuoni, nimezibandika herufi zile mbele ya choo. Kosa hilo lilinishughulisha kiasi kwamba sikuliona lile jingine, lililokuwa kubwa zaidi na limekaa mbele yangu juu ya mkeka.

Baada ya hapo choo kikatengemaa. Nasema kweli. Wiki ikapita, maji yanakwenda. Yakipanda hupanda kidogo, mara moja tu. Nikajipongeza. Nikamwambia mume wangu, "Umeona? Dawa imeingia." Yeye akasema, "Pengine," akaendelea kula.

Siku hizohizo mama alizidisha ibada. Jumatatu nilimpelekea chai asubuhi, akaisogeza kando kwa kidole. "Leo Jumatatu," akasema. Alhamisi nikampelekea tena, akasema, "Leo Alhamisi." Hizo ni siku za sunna ya kufunga, kwa hiyo nikairudisha chai jikoni, nikajisikia vibaya kwamba mimi sifungi. Kisha kukawa na siku nyingine, Jumanne, Jumatano, aliponiambia ana siku zake za Ramadhani za zamani hajazikidhi. Jioni alikunywa funda mbili za uji na kusema ameshiba. Nikawaambia walimu wenzangu kwa majivuno kwamba mama yangu, na umri ule, ananishinda kwa kufunga.

Midomo yake ilikauka. Ngozi ya mikono ikawa ukiivuta inabaki pale ilipo. Siku moja alipoinuka kutoka kwenye sijda aliyumba, akakaa, akasema ni umri. Nilikuwa na dalili zote mbele yangu na sikupima kitu.

Niligundua kwa bahati tu. Ilikuwa Alhamisi, tulifunga skuli mapema kwa sababu ya mitihani, na nilifika nyumbani saa nne na nusu asubuhi. Nikaingia uani bila ya hodi. Mama alikuwa amekaa kitandani, mlango wazi, na mkononi ana kipande cha muhogo wa kuchemsha, mkavu, wa jana. Alikuwa akiutafuna polepole sana, kwa shida, kama mtu anayetafuna dawa. Pembeni yake palikuwa na bilauri ya maji ya daku niliyoijaza mwenyewe kabla ya alfajiri. Ilikuwa imejaa mpaka juu.

Aliponiona hakuficha muhogo. Aliuweka juu ya leso.

"Mama," nikasema, "si umefunga?"

"Sikusema nimefunga. Nilisema leo Alhamisi."

Nikabaki nimesimama na mkoba wangu begani. Nilirudi nyuma kwenye siku zote zile, na ni kweli hakuwahi kulitamka neno kufunga. Aliitaja siku tu, nami nikamjazia yaliyobaki.

"Kikavu nala," akasema. "Kinywewacho ndicho nisichotaka. Maji nikiyanywa huniita, na yakiniita sharti niende, na nikenda nakuharibia choo chako. Wenda mara moja kwa siku, hakizibi. Nimeshakipima."

Yeye naye alikuwa akipima, na vipimo vyake vilikuwa bora kuliko vyangu. Choo hakikupona kwa sababu ya karatasi yangu. Kilipona kwa sababu mama alikuwa anajikausha.

Nikakaa chini sakafuni, nikalia, na mimi si mtu wa kulia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba hatupi kitu, kwa nini hakunigombeza.

"Ungesema naleta maneno. Na karatasi ile, mwanangu..." Akakunja leso juu ya muhogo. "Maisha yangu yote barua nasomewa na watu, maana huandikwa kwa herufi za skuli. Barua za babako akiwa safarini nilisomewa. Zako ulipokuwa chuo cha ualimu nilisomewa. Hino yako ndiyo barua ya mwanzo niliyojisomea mwenyewe. Niliisoma mara tatu, nikidhani huenda sikuifahamu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nimeandika mitihani ya maelfu ya watoto, nimeandika ubaoni mpaka vidole vikakauka kwa chaki, na barua ya kwanza niliyomwandikia mama kwa herufi anazozijua nilimwambia asichafue choo.

"Basi nirudishe Ole," akasema, kwa upole kabisa. "Tulipatana. Siku utakayonichoka, bila ya maneno."

"Sikukuchoka, mama."

"Umenichoka kidogo. Si dhambi."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. "Sasa nimwite fundi?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Kabla mchana haujaisha nilimnywesha mama maji kwa mkono wangu, bilauri moja, nusu yake kwa kumbembeleza na nusu kwa machozi. Alikubali bilauri hiyo moja kwa kunihurumia, si kwa kuniamini.

Fundi alikuja siku ya pili, Ijumaa, mara baada ya sala. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi na vifaa vyake vyote ndani ya ndoo moja. Mama alijifungia chumbani, maana aliona haya mwanamume mgeni kuzungumza habari za haja zake. Lakini mlango wake niliuona umebaki wazi kiasi cha vidole viwili.

Nikaanza kumweleza fundi hatua zangu zote, tangi, bizari, nyigu, chemba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, jambo ambalo mimi nisingelifanya. Kisha akaomba ndoo ya maji, akaimimina yote kwa mara moja, akainamisha sikio. Akachukua mpira mwembamba mgumu, akausukuma ndani. Ulikwenda kiasi cha mkono, ukagota. Akauzungusha, ukaingia, ukagota tena.

"Bi Mwalimu," akasema, "choo kino kiligeuzwa?"

"Kiligeuzwa. Kilikuwa kinaangalia kibla."

"Vyema mlivyokigeuza. Lakini bomba hamkuligeuza."

Akanichorea sakafuni kwa kidole kilichorowa. Bomba la mwanzo lilikwenda moja kwa moja kutoka kwenye choo hadi chemba. Choo kilipogeuzwa, yule fundi wa kwanza aliunga kiwiko kimoja cha bomba, akapinda, akaunga cha pili, ili arudi kwenye njia ya zamani bila ya kuvunja sakafu. Maji yanakata kona mbili ndani ya hatua moja, na mteremko hakuna. Alisema kitu chochote kinachopita humo lazima kikwame, hata akitumia mtu mmoja, hata atumie maji matupu.

"Ili kuthibitisha, lazima nivunje tailizi hizi," akasema, akinitazama kwa tahadhari.

"Vunja," nikasema. "Vunja zote ukitaka."

Alivunja nyingi. Mlio wa kila moja niliusikia na sikuona uchungu wowote. Akalikata bomba, akatoa viwiko viwili, akavigonga juu ya gunia. Nikainama kutazama. Palikuwa na uchafu wa kawaida ulioganda na kipande cha saruji kilichosahauliwa na fundi wa kwanza. Hapakuwa na jani, wala kumbi, wala kitambaa.

"Humu hamna kitu kilichotupwa na mtu," akasema fundi.

"Tafadhali sema tena," nikamwambia. "Sema kwa sauti."

Alinitazama, kisha akautazama mlango ule uliokuwa wazi vidole viwili. Alikuwa mtu mzima, akafahamu. Akasafisha koo.

"Humu hamna kitu kilichotupwa na mtu!" akasema, kwa sauti ya kuadhini. "Aliyekuwa akitumia choo kino alikitumia vizuri. Kosa la bomba!"

"Na la mwenye nyumba," nikaongeza mimi, kwa sauti ileile. "Yeye ndiye aliyekataza tailizi zisivunjwe."

Kutoka chumbani nilisikia kikohozi kidogo, basi.

Fundi alitoboa ukuta wa nyuma ya choo, akalitoa bomba nje moja kwa moja, akajenga chemba nyingine ndogo huko, na kutoka hapo akalishusha kwa mteremko hadi shimoni. Akasema tusubiri saruji ishike mpaka kesho. Sakafu aliirudisha kwa saruji tupu, maana tailizi za rangi ile dukani zilikuwa zimekwisha. Imebaki hivyo hadi leo, nusu maziwa, nusu kijivu.

Baada ya magharibi nilikwenda kwa mama. Alikuwa juu ya msala bado. Nilikaa chini nikamshika magoti.

"Mama, niwie radhi."

"Ya ni?"

"Ya karatasi. Ya kukudhania. Ya kutokuuliza."

Akaniwekea mkono kichwani, mwepesi, mkavu. "Nilikuwia radhi siku ileile. Ningelalaje na kinyongo na weye, na ukuta mmoja baina yetu?" Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba naye ana lake. Alinifanya niamini amefunga naye hajafunga, na jambo hilo limekuwa likimwuma kwenye sala. Nikamwambia nimemsamehe. Lilikuwa neno la ajabu kumwambia mama yangu, na alilipokea kwa uzito wote, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Lakini usidhani alikunywa maji hapohapo. Mama si mtu wa kuamini kwa kuambiwa. Asubuhi yake, Jumamosi, aliniomba nimpelekee kigoda chooni na ndoo ya maji iliyojaa. Alisema bismillahi mlangoni, akaingia akakaa, akawa anamimina kopo baada ya kopo, akiyafuata maji kwa macho mpaka yanapotea. Niliposema imetosha alinifukuza, nikarudi nyuma mpaka mlangoni. Akasukuma maji ya tangi, akasubiri lijae, akasukuma tena. Mara ya nne aliinama akasikiliza, kama alivyosikiliza fundi. Kisha akageuka.

"Haya," akasema. "Niletee chai."

Alikunywa vikombe viwili vya mchaichai, cha pili kwa kuomba mwenyewe, na bilauri ya maji juu yake. Nilijifanya nashughulika na vyombo ili asione ninavyomtazama. Halafu nikaenda uani kukuna nazi ya mchana.

Sikuwa nimefika nusu ya kifuu niliposikia sauti kutoka chooni, kubwa, ya mtu asiyejali majirani wakisikia.

"Mwanangu! Njoo uninyanyue!"

Tangu aje kwangu hakuwahi kuniita kutoka mle. Kumbe siku zote alikuwa akijinyanyua mwenyewe kwa kushika ukuta, kimya, kwa muda mrefu, ili nisijue kwamba hawezi. Niliitupa nazi nikakimbia, mikono imejaa chembe za nazi, nikausukuma mlango. Alikuwa amekaa pale, kanga imemfunika vizuri, na mikono yake yote miwili ameshaninyooshea.